Hotuba ya Akida Hilal bin Gharibu juu ya Miparachichi Arobaini na Minne ya Bonde la Umwe

Mheshimiwa Bwana Mkubwa wa boma, ambaye tumbo limemzuia kufika lakini ametuletea kofia yake, hiyo hapo kitini, tafadhalini msiipe mgongo, ombasha wetu mpendwa, kiongozi wa askari, pamoja na bunduki zako sita, waheshimiwa majumbe, wale mliosalia, waungwana wa Kibiti mliokuja na miavuli, maalimu, makarani, na ninyi wengine mliokaa chini. Mimi, Akida Hilal bin Gharibu, msimamizi wa amani, barabara na sasa miti, nawasalimu. (Makofi ya makarani.)

Tangu izimwe vita yenu ile ya maji, serikali imeketi, imetafakari, imeunda kamati, kamati imeandika ripoti, na ripoti imethibitisha, mwaka jana wa 1906, kwamba dawa ya njaa iliyoenea kutoka Utete hadi Maparoni si chakula, bali ni mti. (Mtu anakohoa.) Mti huo ni mparachichi. Mtautambua kwa jani refu, lililokoza juu na kupauka chini. Kwa tunda mfano wa kibuyu kidogo, lenye nyama laini kama siagi. Na kwa kokwa moja tu, kubwa kama yai la bata. Mchoro wake ninao. Umechorwa kwa wino mweusi, hivyo rangi nimeitambua kwa elimu yangu mwenyewe.

Basi mwaka huohuo, nikiwa nimebebwa kwenye machela kando ya bonde hili, niliona miti minne imesimama kwa umbali ulio sawa, imechipua majani, na mbele yake minne mingine, na mingine tena. Nikauliza: ni nani katika nchi hii ya watu wasiojua kunyoosha hata mlango awezaye kupanda kwa mstari, kama si serikali? Nikahesabu. Arobaini na minne! Na juu ya kila miti minne, sikuamini macho yangu, watu wamejenga kibanda. Juu ya miti ya serikali! (Vicheko vya chinichini.) Siku hiyohiyo nikabomoa vibanda vyote kumi na kimoja, na nikapiga marufuku jembe lolote kushuka bondeni, lisije likajeruhi mizizi. Matokeo yake, mradi umeota kwa asilimia mia moja, na kamati inatarajia mia moja na kumi mara nitakapopandishwa cheo.

(Mwanamke anasimama na kikapu kichwani.) Nani huyo? Sema, lakini kwa ufupi, maana hotuba ni yangu.

("Shikamoo, Bwana Akida. Mimi Mwanabaraka. Hiyo si miti. Hizo ni nguzo za madungu yetu, tunakaa juu kulinda mpunga, ndege na nguruwe wasiumalize. Nguzo ukiikata mbichi ukaichimbia penye majimaji, inachipua. Zile nne za mwisho alizisimika mume wangu kabla hajaenda vitani. Hakurudi. Nina mbegu pishi mbili humu, wanangu wamelala na njaa ili nisiziguse. Mvua imeshapiga. Nisipopanda wiki hii, mto utafurika mpunga ungali mdogo, utazama wote. Naomba bonde langu, bwana.")

Mmemsikia. Huo ndio ujinga ninaopigana nao usiku na mchana. Mlipoambiwa risasi zitageuka maji, mliamini mpaka mkaishia makaburini. Leo mimi, mtu msomi, nawaambia nguzo imegeuka mparachichi, mnabisha! Mama, huo mpunga wako utaula mara moja kwa mwaka, lakini parachichi mtakula wewe, wanao na wajukuu, kama watakuwepo. Ombasha, mketishe. (Ombasha anatazama viatu vyake.)

Nasema hivi: mparachichi juu! (Watu wanatazama bondeni.) Jembe chini! (Makarani wawili: "Chini!") Nikisema Umwe, mnaitikia siagi! Umwe! (Mbuzi analia.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Bwana Mkubwa kwa barua yake ya asubuhi hii, ambayo kwa heshima ya mkutano naisoma mbele yenu: "Akida, kokwa za parachichi bado hazijatoka Ulaya, wala hazitaletwa Rufiji kamwe, kwa kuwa mti huo ukisimama majini mizizi yake huoza. Nieleze basi, hiyo arobaini na minne unayoniandikia kila mwezi ni nini?" (Minong'ono.) Tulieni. Nitamjibu kwamba ni utii. Ndiyo, ninawashukuru kwa utii wenu, na kwa namna ya pekee nawashukuru wale waliokufa kwa njaa mwaka huu wakiwa wameketi kando ya bonde lao bila kuligusa, ili mradi huu uendelee kuwepo kwenye ripoti. Asanteni sana. Kaeni, sijawaruhusu kuondoka. Kaeni chini!

(Hakuna aliyekaa. Mwanabaraka alikuwa ameshafika bondeni, anachimba mashimo ya kupandia, na wanawake wenzake walikuwa wanashuka na majembe yao.)