Mji Uliochaguliwa na Uso wa Evelio

Evelio Getino hakuingia baa ile kutafuta kazi. Aliingia kuokoa miguu yake. Baridi ya Soria mwezi wa Februari haibishi hodi. Humpanda mtu kuanzia soli za viatu, na ikifika magotini inajiona mwenye nyumba. Viatu vya Evelio vilikuwa vya kiangazi, kwa kuwa kiangazi ndicho kilichomlisha: alikuwa ametoka pwani, alikowakodisha watalii vivuli vya miavuli iliyowekwa ufukweni bure kwa kila mtu. Kazi safi, haina jasho. Mapato yake yote aliyafunga kwenye mshipi wa kitambaa chini ya shati, yangojee mpango mkubwa.

Mpango mkubwa ulikuwa umekaa karibu na mlango, ukigombana.

Walikuwa wazee wanne wenye karata mkononi. Mtu makini angejiuliza kwa nini wazee wajibanze mlangoni, upepo ukiwachapa migongo, na meza iliyo kando ya jiko iko tupu. Evelio hakujiuliza. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kunasa maneno mawili matamu: kopo limejaa.

"Kopo limejaa na hatuendi popote," alikuwa akisema Mzee Saturio. Kabla ya kustaafu alikuwa muuza nyama, na mpaka leo aliongea kama anayekata mfupa. "San Sebastián. Tukale vizuri mara moja kabla hatujafa."

"Wewe umekula vizuri tangu ulipobatizwa," akajibu Bi Fuencisla, aliyepakata kopo kubwa la biskuti kama mjukuu. "Cádiz. Mimi nataka bahari yenye jua."

Mzee Casto, aliyekuwa karani wa wakili, alitaka Mérida akaone magofu ya Warumi, akaambiwa kwamba magofu yapo hata pale mezani, ya nini kuyalipia nauli. Wa nne, Bi Obdulia, mjane aliyemaliza ujana wake kwenye dirisha la posta, hakupaza sauti. Alisema tu, "Granada," akaendelea kuchanganya karata. Aliahidiwa Granada siku ya harusi yake. Kwanza theluji ilizuia, halafu watoto, halafu mume akafa, na kila kimoja kilikuja na udhuru wake.

Evelio aliagiza kahawa, na kahawa ilipofika alikuwa amekwisha jipa jina. Sasa yeye ni Curro Benjumea wa Sevilla, wakala wa safari, na ulimi wake ulikuwa tayari unameza sauti za mwishoni mwa maneno, kama wasemavyo watu wa kusini.

"Samahanini, wazee wangu," akasema. "Mungu hakunileta hapa kwa bahati mbaya. Mimi kazi yangu ni vikundi visivyoelewana."

Walimvutia kiti. Walimpa vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa vikawa vinalia mdomoni, wakamsikiliza kama wanafunzi. Basi, nyumba ya wageni, mtu wa kuwaongoza: yote Curro angeyapanga. Wao wachague mji tu, na kopo wamkabidhi.

Siku zilizofuata alimzungukia kila mmoja peke yake, kwa heshima, kama daktari. Mzee Saturio aliapiwa kwamba kura iende itakakokwenda, dereva atapotea njia na wataamkia San Sebastián. Saturio akaguswa moyo, akamzawadia paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Bi Fuencisla aliuziwa Cádiz, akatoa chupa ya asali. Mzee Casto akapewa Mérida na magofu yake yote, akavua skafu yake ya sufu akamvisha. Bi Obdulia aliahidiwa Granada kwa sauti ya chini, mkono ukiwa kifuani. Yeye hakutoa kitu. Alimtazama usoni kitambo, kama anayetazama bahasha isiyo na stempu, kisha akamshukuru.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, nacho ni kopo. Evelio alipoomba kulishika mapema, kwa ajili ya maandalizi, Bi Fuencisla alimweleza taratibu kwamba haiwezekani. Desturi yao ni moja: kopo hufunguliwa na wote wanne, mezani, katika mji waliouendea, baada ya supu ya mlo wa kwanza. Wakala hutanguliza gharama, kisha hulipwa papo hapo kwa kuchota humo kwa mkono wake mwenyewe.

"Na humo ndani mna nini hasa, mama?"

"Kila tulichoshindania kwa karata tangu Casto ana nywele," akasema Bi Fuencisla, akalitikisa. Lilinguruma. Akamruhusu alibebe kutoka mezani hadi kaunta, na Evelio alifika kaunta akiwa anahema, amependa.

Jioni moja Mzee Casto alikuwa ameng'olewa jino, Evelio akaombwa ashike karata zake, mwenzi wake awe Bi Obdulia. Mchezo wao ni mus, mchezo wa watu wawili dhidi ya wawili, pointi zinahesabiwa kwa kokoto, na kutegana ndiyo roho yake. Evelio alizitazama kokoto akatabasamu moyoni. Amekaa na wacheza kamari, anajua mambo: kokoto mezani, fedha kwenye kopo.

"Curro, mwanangu," akasema Bi Obdulia, "humu mtu anaruhusiwa kumpa mwenzake ishara za uso. Ukiuma mdomo, una wafalme wawili. Ukipandisha nyusi, una jozi. Ukifumba macho, huna kitu. Maneno sema uongo upendavyo, hata uape. Uso haudanganyi. Ukiuma mdomo, wafalme wawepo. Anayedanganya kwa uso hatumwiti tena mezani."

Evelio alisema ni sheria nzuri sana. Moyoni alijisemea kwamba watu wenye sheria kama hiyo wanastahili kabisa kinachowajia.

Walicheza. Mzee Saturio, akigawa karata, alimwuliza kirafiki ni miji gani amewahi kupeleka wateja. Barcelona je? Evelio akaisifu. Valencia? Akaisifu. Wao walikwenda Valencia mwaka juzi, akasema Saturio, na bwana mmoja wa utalii kutoka Murcia, na mwaka jana Santander na bwana mwingine; waungwana wote wawili, ila waliondoka bila kuaga. Na Granada je? Bi Obdulia aliinua macho. Evelio akaisifu Granada mpaka chemchemi zake. Bi Obdulia akainamisha macho.

"Na León?"

Karata ikamponyoka Evelio. Akainama kuitafuta, na alikaa chini ya meza muda mrefu kuliko ilivyohitaji karata.

"León sina habari nayo," akasema alipoibuka.

"Hujapoteza kitu," akasema Saturio. "Soseji yao ya damu ni matope yaliyopakwa kwenye mkate."

Hapa Evelio alipaswa kunyamaza. Ameuza katika maisha yake vitu visivyokuwepo, kwa watu waliojua kwamba havipo, bila kope kumcheza. Lakini yapo mambo.

"Haipakwi," akasema, na maneno yake yalikuwa na sauti zote za mwishoni. "Inapikwa kwa vitunguu vingi, inaletwa kwenye bakuli la udongo ikiwa bado inachemka, na anayeiita matope kazoea ile ya Burgos, waliyoishindilia wali kama godoro."

Wazee wakainua macho kutoka kwenye karata.

"Ndivyo nilivyosikia watu wakisema," akaongeza Curro wa Sevilla.

Bi Obdulia akapandisha nyusi. Evelio akaelewa kwamba ana jozi, akaweka kokoto zake zote, wakashindwa vibaya. Hakutilia maanani kwamba nyusi zile hazikuelekezwa kwake. Zilielekezwa kwa Saturio, aliyekuwa upande wa wapinzani.

Kesho yake wazee walipiga kura, na kwa mara ya kwanza watu wanne wakatoa jibu moja. León.

Sasa León ndiko alikozaliwa Evelio, na ndio mji pekee Hispania yote ambao hawezi kuukanyaga. Juma Kuu moja, maandamano ya kanisa yalipokaribia, aliikodisha roshani nzuri ya nyumba ya wageni iliyotazama njia ya maandamano. Aliikodisha kwa familia nyingi. Siku ilipofika, walipanda ngazi wote pamoja, na viti vyao vya kukunja, na mabibi zao, na yeye akashuka kwa mlango wa jikoni. Mwenye nyumba, Bi Hermelinda, alimfukuza mpaka darajani akiwa na upawa mkononi.

Alijaribu kuizima León. Alisema kuna mafua huko. Alisema barabara imefungwa. Mwisho alimfuata Bi Obdulia kanisani, akakaa kando yake, akamwambia waziwazi kwamba akigeuza kura, atampeleka Granada kwa nusu ya bei, na chumba chenye dirisha la kutazama kasri.

 Vidole vya Bi Obdulia vililegea kwenye mkoba, na kwa mara ya kwanza Evelio alimwona mwanamke kijana ambaye alikwisha funga sanduku la safari.

"Granada utakwenda bila hofu?" akauliza Bi Obdulia.

"Bila hofu yoyote, mama."

Akamtazama usoni, akavuta pumzi, akafunga mkoba.

"Basi twende León."

Evelio hakuelewa, lakini alielewa kopo. Alijipa moyo kwamba kofia ni kubwa, skafu ni ndefu, na mlo mmoja si mwaka. Wakishapiga supu tu, kopo ni lake, mlango ni wake. Akafungua mshipi. Mwenye basi dogo alitaka fedha mbele. Nyumba ya wageni, aliyoichagua Mzee Casto, ilitaka fedha mbele, pamoja na chakula cha siku zote. Mshipi ukalegea kiunoni mpaka ikabidi aushikize kwa pini.

Njiani Mzee Saturio alikumbuka paja la nguruwe. Aliona ni vibaya litembee bila kuliwa, akatoa kisu chake, na walipofika nusu ya njia limebaki mfupa. Asali ilimalizikia kwenye mkate wa Bi Fuencisla. Mzee Casto, aliyesikia baridi shingoni, aliomba skafu yake.

Kwa hiyo Evelio aliingia León akiwa na kofia na miwani ya jua tu. Na basi liliposimama, aliinua macho akaona roshani anayoifahamu.

Waliketi. Evelio alijipachika kwenye kona, miwani ya jua usoni ndani ya chumba chenye giza, akasali supu ije haraka. Ikaja nyama. Sahani kubwa, nyama za aina zote, mlima wa mvuke. Ndipo mtoto wa León alipokumbuka jambo ambalo mama yake alimzoeza tangu utotoni: kwenye mlo mkubwa wa nyumbani kwao, nyama hutangulia, hufuata dengu kubwa na kabichi, na supu huja mwisho kabisa.

Wazee walikula kama watu wasiosubiriwa popote. Bi Hermelinda aliingia na nyama, akamtazama. Aliingia na kabichi, akamtazama zaidi. Evelio alitafuna kwa kichwa kilichoinama, kopo likiwa katikati ya meza kama bibi harusi. Hatimaye bakuli la supu likatua mbele yake.

"Supu, Evelio," akasema Bi Hermelinda. Alikuwa na upawa.

Hakuna aliyeshtuka mezani. Mzee Saturio alipuliza kijiko chake. Walipomaliza, Bi Fuencisla alijifuta midomo, wote wanne wakaweka mikono juu ya kifuniko kama desturi inavyotaka, wakafungua.

Zilikuwa kokoto. Nzuri, za mviringo, zimeng'arishwa na vidole vya miaka.

"Kila tulichoshindania," akasema Bi Fuencisla. "Tunacheza kwa kokoto. Fedha huleta ugomvi."

Evelio alifungua mdomo apige kelele. Akauangalia upawa, akasikia sauti za barabarani, watu wa León wakipita na kumbukumbu zao, akaufunga.

"Mlijua tangu lini?" akauliza polepole.

"Tangu kahawa," akasema Saturio. "Mtu wa Sevilla akifika Soria Februari asilalamikie baridi, huyo ni wa kaskazini. Tukaanza kutafuta kwenu ni wapi."

"Sisi hatukuchagua León, mwanangu," akasema Bi Obdulia. "Uso wako ndio uliochagua. Kila mwaka tunakwenda mji ambamo wakala wetu hawezi kupaza sauti. Yule wa Murcia ilikuwa Valencia. Aliyefuata, Santander. Na kila mji nina mwenzangu wa posta wa kumwuliza ni nani aliyeumizwa na nani."

 Alikuwa amekosa fedha, mshipi na paja la nguruwe, lakini ndani yake kulikuwa na fundi, na fundi yule alikuwa amewavulia kofia kwa heshima.

"Granada je?" akasema. "Kwa nini ulikataa?"

Bi Obdulia aliweka kijiko chini. "Kwa sababu huiogopi. Kila anayeketi mezani petu namtajia Granada, namtazama. Uso unabaki kama sahani. Ningekwenda na wewe, ungetuacha barabarani. Mimi nazeeka, na bado hajaja anayeiogopa."

Kijiko chake hakikurudi kwenye supu. Evelio alikitazama. Halafu akamfikiria Leandro Espada, mwenzake wa pwani, aliyetoroka na fungu la Evelio la fedha za miavuli mwezi wa Agosti, na ambaye zamani aliwauzia ndugu wote wa bwana harusi mmoja wa Granada bendi isiyokuwepo.

Akainua uso, akamtazama Bi Obdulia, akauma mdomo.

Bi Obdulia aliiona ile ishara ya wafalme. Rangi ikamrudi mashavuni.

"Nani?"

"Anaitwa Leandro. Granada hapiti hata ndani ya treni. Sasa yuko Teruel, anatafuta kazi."

"Mpigie simu. Mwambie Soria kuna wazee wajinga, wanakaa mlangoni wanagombana."

"Huyo si mtoto, mama. Ataniuliza nimeliona kopo kwa macho yangu au nimesimuliwa."

"Mwambie kweli," akasema Bi Obdulia. "Umelibeba kwa mikono yako, na ni zito."

Bi Fuencisla alirudisha kifuniko, akamwekea Evelio kopo mapajani, asije akasema uongo.