Suti ya Mkaguzi wa Angani

Mawingu hakuwa na pasipoti. Hakuwa na sanduku, wala cha kutia ndani ya sanduku. Hakuwa na kazi, ingawa alikuwa na saa za kazi na alizifuata kwa uaminifu. Hakuwa na mke, kwa sababu kila aliyekaribia kuwa mke aliuliza swali moja la ziada. Hakuwa amepanda ndege hata siku moja; ndege alizozijua ni zile zilizopita juu ya paa na kumkatiza maneno. Zaidi ya yote hakuwa na suti, na tapeli asiye na suti atasikilizwa na nani?

Asubuhi moja, akiwa kwa kinyozi akisubiri zamu ambayo hakukusudia kuitumia, aliokota ukurasa wa gazeti. Shirika moja la ndege lilitangaza zawadi: tiketi ya bure ya daraja la kwanza, kwenda na kurudi, popote linaporuka. Chini ya picha kulikuwa na maandishi madogo. Mawingu hakuyasoma. Aliamini kwamba watu wakubwa hawasomi maandishi madogo.

Akamkumbuka fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mjane ambaye binti yake alijifungulia ng'ambo, na ambaye hakuna mteja aliyetoka kwake bila kuonyeshwa picha ya mjukuu.

"Hongera, mama," alisema mlangoni, akiupeperusha ule ukurasa. "Mimi ndiye mkaguzi wa madaraja wa shirika hili. Nimetumwa kuteua mtu mmoja mwenye sifa njema. Nimekuteua wewe."

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Mkaguzi wa madaraja? Haya ya mtoni?"

"Ya angani, mama. La kwanza na lile la biashara. Nalala huku, nalala kule, kisha natoa tofauti."

"Na mimi natakiwa kutoa nini?"

"Kutoa!" Akajishika kifua. "Sisi hatupokei kitu. Ila Ijumaa nakwenda kukutaja kwa wakubwa, na suti yangu imebaki ndani ya ndege. Nikienda hivi nilivyo, watasema huyo mtu wake naye ni wa hivi hivi. Mjukuu atakusubiri mpaka aote ndevu."

Hapo fundi aliitazama picha ya mjukuu. Mtoto alikuwa ameshaanza kukaa, na yeye bibi yake alikuwa hajamshika hata kidole. Akaomba ule ukurasa. Mtu aliyetunga uzi kwenye sindano miaka thelathini hashindwi na maandishi madogo. Aliyasoma yote, akaukunja, akauweka chini ya cherehani.

"Njoo kesho nikupime," alisema.

Maandishi yalisema hivi: mashindano ni ya wale tu ambao hawajawahi kupanda ndege. Waandike barua kulinganisha daraja la kwanza na la biashara, kama wanavyoyawaza. Barua itakayowafurahisha waamuzi ndiyo itakayopata tiketi.

Mchana ule fundi alijaribu. Aliandika: "Kiti cha daraja la kwanza kina mishono minane, cha biashara sita." Akakwama. Ubaya wake ni kwamba alijua mno. Makava ya viti vya ndege yakichanika yaliletwa kwake kushonwa, na yaliyochoka kabisa aliachiwa. Alivijua viti vyote vya shirika lile kwa uzi, lakini kuwaza hakuweza. Alihitaji mtu asiyejua chochote na asiyenyamaza.

Kesho yake mtu huyo alifika kabla ya saa mbili.

"Inua mikono," fundi alisema, futi shingoni, daftari mezani. "Hebu niambie, mwanangu, nitajuaje kama nimekaa la kwanza na si la biashara?"

"La biashara wanakuuliza unataka nini. La kwanza wanaona haya kukuuliza. Wamekwisha kujua tangu jana."

Fundi akapima bega, akaandika.

"Na mto?"

"La biashara, mto mmoja. La kwanza unapewa mto, na mto mdogo wa kuegemeza ule mto usichoke."

"Dirishani je?"

"La biashara unatazama mawingu basi. La kwanza rubani anakuja mwenyewe: 'Bibi, yale mawingu ya kushoto yanakuudhi? Niyazunguke?'"

Fundi alikohoa kwa muda mrefu kidogo.

"Na mtoto akilia humo ndani?"

"La biashara, wahudumu wanambembeleza mtoto. La kwanza wanakuletea umbembeleze wewe, kama ulikuwa na hamu."

Futi ikasimama kiunoni. Hilo fundi aliliandika polepole.

"Mama, vipimo vyangu vimefika ukurasa wa tatu?"

"Mwili wako una mambo mengi, mwanangu."

Ijumaa suti ilikuwa tayari, ya buluu, nzito, inayong'aa. Fundi alimvika mwenyewe, akamfunga vifungo, akamsimamisha mbele ya kioo.

"Kitambaa gani hiki, mama?"

"Cha ndege. Kimesafiri kuliko sisi wote wawili."

Mawingu alicheka kwa heshima, kama mtu anavyocheka mzaha wa mkubwa. Mgongoni, kwa herufi nyeupe zilizotariziwa kiwandani, koti lilisema: JAKETI LA KUOKOA MAISHA LIKO CHINI YA KITI CHAKO.

"Unapita posta, mwanangu?" Fundi alikwisha kurudisha pini mdomoni. "Kuna barua yangu pale mezani. Nifungie, nami nina pini."

Mawingu akaipitisha bahasha ulimini, akaibana kwa kidole gumba. Ndipo akaona anwani.

"Unaliandikia shirika?"

"Nawaeleza nilivyofundishwa habari za madaraja."

"Usinitaje sana, mama. Wakubwa wataniona najitafutia sifa."

"Sijakutaja hata mara moja."

Alitembea katikati ya barabara. Nyuma yake watu walisimama, wakasoma, wakaitana. Mawingu aliwapungia wote mkono. Hakuwa amejua kwamba suti inapendwa kiasi hiki. Posta aliitumbukiza barua sandukuni, akatega sikio mpaka aliposikia imeanguka, kisha akalipigapiga lile sanduku kichwani taratibu, kama mtu anayemwagiza mtoto asikawie njiani.