Vita vya Bi Tomeyo na Majira ya Baridi kwa Ajili ya Samaki Mmoja

"Atakufa!"

"Hafi!"

"Atakufa, Bi Tomeyo, na utamzikia kwenye sahani!"

Kimya, enyi mliojaa sebuleni hadi kibarazani! Sogezeni magoti, mwenye mtoto anayelia ampe ziwa, kwa maana inasimuliwa habari ya vita vilivyopiganwa katika bonde la Yamagata, juu ya kibwawa kisichotosha kuoga bata, baina ya Baridi, mfalme mwenye majeshi meupe, na mjane Tomeyo Sakuma, simba jike wa jikoni, mwenye mwendo wa bata na ulimi wa wembe.

Chanzo cha vita kilikuwa mwana wa trauti, samaki wa mito ya baridi, aliyeingia na maji ya mto kwa mfereji ulishao vibwawa vya nyumba zote, akakwama humo, mwembamba kama njiti. Naye Mzee Kanzo, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akimwaga vifaranga vya samaki mtoni pamoja na chama cha wavuvi tangu enzi za nywele zake, akatoa hukumu:

"Sikiliza, bibie. Baridi ikiingia, samaki anaishi kwa mafuta yake mwenyewe. Mkubwa ana akiba, tena huitumia polepole. Mdogo anacho kidogo, na hicho kidogo kinamtoka mbio. Theluji haijayeyuka, yeye keshakwisha. Kila mwaka tunaona."

"Basi nitamnenepesha."

"Wewe? Paka wako mwenyewe mbavu nje!"

Hapo ulimi ukamponza shujaa. Mbele ya wanawake waliokuwa wakiosha figili mferejini, akaapa: "Samaki huyu akifa, nafunga nyumba, nahamia mjini Sendai kwa mwanangu Shigeo!"

Figili zikaelea zenyewe. Shigeo alikuwa amembembeleza ahamie huko miaka nenda rudi, na mama yake aliona heri kulala na dubu kuliko kukaa ghorofani asikokuwa na mtu wa kumsengenya.

Basi akashuka mtoni, suruali imekunjwa magotini, akapindua mawe, akateka mateka wenye miguu sita, akarudi nao kwa kishindo. Samaki akala kama mtu aliyeingia harusini bila mwaliko. Akafikia urefu wa kidole cha mwisho, akakipita, akakinyemelea cha kati. Hata asubuhi moja Bi Tomeyo akamkuta Mzee Kanzo kibwawani.

"Unafanya nini hapo?"

"Napita."

"Unapita umechuchumaa?"

"Magoti yananiuma."

"Na mkebe wa nyungunyungu ndiyo dawa yake?"

Mzee Kanzo akaitazama milima. "Ukihama, nitagombana na nani?"

Bi Tomeyo akachungulia mkebeni. "Wakate vipande," akasema. "Ana mdomo mdogo, si kama huo wako."

Kisha Baridi akashusha majeshi. Mzee Kanzo akapanda juu ya paa la mjane na koleo lake la mbao, kama afanyavyo kila mwaka. Na kwa kuwa katika bonde lile theluji ya paa hutupwa kibwawani iyeyuke, mikono yake ikaanza kazi bila kuuliza kichwa. Bi Tomeyo akatoka na ufagio, akanguruma:

"Ewe Kanzo! Ukidondosha humo hata kijiko cha theluji, nakuangusha wewe na ngazi yako!"

"Sasa niitupe wapi, mfukoni?"

"Kwako!"

Akaitupa kwake, na paa lilipojaa tena akaitupa kwake tena, mpaka mlango wake ukazikwa, akawa anatokea dirishani kama mwizi wa nyumba yake mwenyewe.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, wanawake wa mferejini wakakusanyika. Bi Tomeyo akapiga magoti. Kibwawa kilikuwa na maji matupu. Moyoni akaliona behewa la treni ya Sendai. Akamwona Shigeo akimwonyesha lifti. Akainua jiwe la mwisho.

Samaki akachomoka! Kichwa kikubwa, mwili utepe, hasira tele, akaidaka punje ya wali aliyotupiwa kabla haijazama. Vifijo vikapanda milimani. Na tangu siku ile, watu wa bonde huhesabu miaka kabla ya samaki yule na baada yake.

Mzee Kanzo akapenya dirishani, akaja kuchungulia.

"Kakonda."

"Yu hai!"

"Nimesema kafa? Nimesema kakonda."

Bi Tomeyo akampima kutoka kofia hadi buti.

"Na wewe vilevile. Vua viatu, ingia ule."