Vyakula Bora vya Mwaka na Kamati ya Mdomo Mmoja

Alhamisi, 26 Desemba 2002

Jana Noeli. Ugali wa muhogo na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Chumvi ya kusingiziwa tu. Nilipolamba kidole cha mwisho nikakumbuka niliyokula mwaka huu, machozi yakanitoka. Mke wangu Dorothée akadhani namlilia marehemu mjomba. Akanipapasa mgongo. Nikamwacha apapase. Ukweli ni kwamba nilikuwa namlilia kuhe wa Mboko.

Kuhe yule! Samaki mnene, wa kubanikwa, mwezi wa tatu, lori letu lilipozuiwa kwenye barabara ya Uvira tukashinda njiani. Wenzangu waliomba Mungu njia ifunguliwe. Mimi niliomba isifunguliwe kabla samaki hajageuzwa upande wa pili.

Halafu sombe la Dorothée, majani ya muhogo ya kutwanga, mwezi wa sita. Risasi zililia sufuria ikiwa jikoni. Dorothée alikimbia na sufuria kichwani na binti yetu Ketsia mgongoni. Mimi nilikimbia na mwiko. Tulikula tumejificha katika shamba la muhogo la watu, bila kusema neno. Sijawahi kula majani matamu vile. Wala kuogopa vile.

Na maziwa ya kuganda ya mama Nyirabahire, mfugaji wa milimani, aliyekuwa akishuka na vibuyu vyake siku ya soko. Mwezi wa nane njia ya mlimani ikafungwa. Tangu hapo hakuna maziwa, wala habari zake.

Mambo mema hivi yafie tumboni mwa mtu mmoja? Haiwezekani! Mimi Wilfried ndiye msomaji wa matangazo kanisani. Siku ya Mwaka Mpya, baada ya ndoa na mbuzi waliopotea, nitasoma vyakula bora vya mwaka na majina ya wapishi. Bila shaka itabidi nionje upya. Kwa ajili ya haki.

Ijumaa, 27 Desemba

Kamati imeundwa. Dorothée ameuliza: "Iyo kamati iko na bantu ngapi?" Nimemjibu kwamba ubora wa kamati si wingi wa watu. Akasema basi ni kamati ya mudomo moya. Nimesamehe.

Nimeanza kwa mama Godelieve, jirani yetu. Nikamnong'oneza kwamba jina lake huenda likasomwa mbele ya kanisa zima. Alikuwa anatwanga. Akaacha kutwanga. Akaleta bakuli la maharage na mawese hadi ukingoni! Nikamhakikishia nafasi ya kwanza.

Kisha ufukweni kwa mama Suzanne, anayebanika migebuka. Akanipa mgebuka mzima, na kichwa chake. Kichwa! Mtu akikupa kichwa utamnyima nini? Naye nikamhakikishia nafasi ya kwanza.

Nyumbani Dorothée akauliza yeye ni wa ngapi. Nikasema, mke wangu, hilo ni la kuulizwa? Nadhani nafasi ya kwanza ni pana. Watu watatu wakibanana wanaenea.

Jumamosi, 28 Desemba

Tumbo limekaza kama ngoma. Nimeonja kwa Godelieve asubuhi, kwa Suzanne mchana, kwa Godelieve tena jioni kwa sababu nilikuwa nimesahau ladha. Nimeingia jikoni mwa watu wengi, nikafunua vifuniko, nikachungulia magunia ya unga. Kamati lazima ijue hali halisi.

Tatizo ni Henri. Shemasi Henri anataka kusoma matangazo hata kabla sauti yangu haijakauka. Leo amesimama karibu na barière, kizuizi cha askari barabarani, akapaza sauti: nani aliidhinisha kamati hii? Nani rais wake? Inakutana wapi? Wivu mtupu. Hajaalikwa kuonja.

Jumatatu, 30 Desemba

Jana sikuandika. Jana nilikuwa mfungwa.

Ibada ilipokwisha, askari wawili mlangoni mwa kanisa waliuliza rais wa kamati ni nani. Hakuna aliyewahi kuniita rais. Nikanyoosha mkono haraka mno.

Wakanipeleka bureau, ofisi ya kamanda. Akaniuliza ni kamati gani inapita nyumba kwa nyumba kuchungulia akiba ya unga. Nawapelekea nani habari? Watu wa msituni? Nikaeleza. Kuhe, sombe, haki, matangazo. Masikioni mwangu mwenyewe ilisikika kama uongo. Kamanda akasema miaka yote ya vita amedanganywa na watu wengi, lakini hakuna aliyemdharau kiasi hiki. Akaamuru mshipi wangu uchukuliwe. Nikaketi sakafuni nimeshika suruali. Kuna watu wa mji wetu huu wa Baraka walioingia bureau ile na hawakurudi kwao. Nikawakumbuka. Kwa mara ya kwanza mwaka huu sikuwa na njaa.

Ndipo nikasikia sauti ya Dorothée uani. Amekuja na sufuria ya sombe. Nyuma yake Godelieve na bakuli, Suzanne na mgebuka ndani ya majani ya mgomba. Na nyuma kabisa Henri, kofia mkononi, akasema ni yeye aliyepiga kelele, alikuwa anataka matangazo tu.

"Mukubwa," Dorothée akamwambia kamanda, "kamati yake ni hii. Kula, utaelewa."

Kamanda alikula. Alikula mpaka sufuria ikakwanguliwa. Kisha akajifuta mdomo, akanigeukia.

"Sawa, président. Wa kwanza ni nani?"

Wanawake watatu wakanitazama. Kila mmoja akatabasamu kama mtu anayejua siri.

Akili yangu ikafanya kazi kama umeme! Nimtaje asiyekuwepo, asinune mtu. Nikasema: maziwa ya mama Nyirabahire wa mlimani.

Kamanda akasimama. Njia ya mlimani imefungwa, akasema. Nani alikupa ruhusa ya kupanda kule?

Loo! Ulimi ukaganda kuliko yale maziwa.

Dorothée akacheka, kicheko cha hasira. "Huyu? Apande mulima? Hata kupanda kitanda anachoka." Akaeleza kwamba maziwa aliyanunua yeye sokoni, kabla njia haijafungwa, kwa chumvi. Halafu akashusha sauti. "Tangu siku ile hatumuoni ule mama. Kama mukubwa uko na habari yake, utuambie. Alikuwa muntu mwema."

Kamanda akatazama sufuria tupu. Akasema hana habari. Akasema nirudishiwe mshipi. Adhabu: kwa kupotezea jeshi muda, nifyeke majani ya bureau siku ya Mwaka Mpya.

Barabarani Suzanne akamuuliza Godelieve kama na yeye alikuwa ameahidiwa. Sitaandika yaliyofuata. Bakuli la mama Godelieve, likiwa tupu, lina mlio mzuri juu ya kichwa cha mtu.

Jumanne, 31 Desemba

Mchungaji amempa Henri matangazo. Amefanya mazoezi uani kwake tangu alfajiri. Anasoma "mbuzi" kama anatangaza ufufuo.

Mafiga yetu baridi. Dorothée na Ketsia wako kwa Godelieve, na Suzanne yuko nao. Wanapika pamoja! Nimekaa kwenye ua nikila harufu.

Dorothée alirudi kuchukua kanga. Akasimama mbele yangu. "Bakati balikukamata, sikungoja hata chumvi ikolee. Niliipua sufuria, nikakimbia. Nilifikiri sitakuona tena. Na we ukasema maziwa."

Niliinamisha kichwa. Alisema kweli, na ilinichoma hasa. Nilitaka kumwambia kwamba kwangu yeye hana wa kushindana naye. Lakini nilipofungua mdomo, kilichotoka ni kumuuliza kama huko kwa Godelieve kimebaki chochote.

Ameondoka na kanga zote mbili.

Jumatano, 1 Januari 2003

Heri ya Mwaka Mpya kwangu mwenyewe. Nimefyeka tangu asubuhi. Malengelenge mikononi. Kanisa linaimba, na upepo unanipelekea sauti ya Henri.

Adhuhuri mpishi wa askari, kijana wa Kilembwe aitwaye Eddy, akaniita nionje maharage yake. Chumvi imetosha? Nikaonja. Nikasema bado. Akaongeza. Nikaonja. Nikasema sasa imezidi, aongeze maharage. Tukaendelea hivyo mpaka nikashiba. Eddy akastaajabu, akauliza ulimi huu niliupatia wapi.

Nikasema nilikuwa mpishi wa askofu kule Uvira. Sijui maneno yalitoka wapi! Yalitoka yamenyooka, yamevaa tai.

Eddy akamwambia kamanda. Kamanda akaja mwenyewe. Kesho anapokea wakubwa kutoka Fizi na hana mtu wa kuwapikia. Nimekubali kabla hajamaliza. Jiko la jeshi! Mbuzi mzima! Kupika nimekutazama miaka yote, kuna ugumu gani?

Dorothée amerudi nyumbani na Ketsia. Ameniwekea sahani, amenipa mgongo. Hali ni nzuri. Namngojea atulie kidogo, nimuulize jambo moja tu: ugali, unaanza na maji au unaanza na unga?