Pua ya Pikapu

Singida hewa ni ya bure, tena upepo wake hukuvua kofia bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana hatuna budi kumheshimu Chediel wa Mandewa, aliyethubutu kuiuza.

Siku hiyo alikuwa mnadani Issuna, akitembeza macho. Shida yake ilikuwa moja tu, na ilikuwa na mkia: dume la ng'ombe. Mzee Mughwai wa Nduguti alishasema wazi kwamba mahari isipotimia Jumamosi kwa dume mmoja aliyebaki, habari ya binti yake Jenipher itafikiriwa upya, kwa kuwa kuna mwalimu naye ameanza kupitapita. Na Chediel alimpenda Jenipher kweli. Katika hilo tusimtanie.

Ndipo alipoiona pikapu kuukuu imesheheni magunia ya alizeti. Mwenye gari, mama wa makamo, alishuka akaenda kuchagua vitunguu. Boneti ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Chediel akaifungua, akatafuta tambara, akakosa. Basi akachomoa kitambaa mfukoni, akakisokomeza kwenye bomba linaloingiza hewa kwenye injini, akafunga kamba na kusogea pembeni na uso wa mzee wa kanisa.

Mama alirudi, akawasha. Gari likakohoa, likajikokota hatua kumi, likazima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani kukuingilia. Mimi ni fundi wa pumzi."

"Fundi wa nini?"

"Pumzi, mama. Hili gari si bovu, limeziba pua. Wewe ukitwishwa gunia la alizeti huku umeziba pua, mlima utapanda?"

"Sitapanda," mama alikiri.

"Basi unalionea bure."

Mfukoni mwa koti alitoa kipande cha bomba la maji ya mvua kilichopakwa rangi ya fedha, mdomoni kimefungwa chujio la chai. "Pua ya kisasa," alisema. "Hewa ikiingia mara mbili, nguvu inatoka mara mbili." Hesabu hiyo hakuna shule inayoifundisha, lakini ilisemwa kwa sauti nzuri.

Akainama, akakichomoa kile kitambaa kimyakimya na kukiweka kando, maana kufunga waya kulitaka mikono yote miwili. Gari likawashwa, likapanda mwinuko wa mnadani likinguruma. Mama alirudi akicheka kama msichana.

"Mafundi wa mjini walinitaka ninunue injini nyingine! Hiyo si ningeuza madume watatu? Wewe nitakupa mmoja. Jumamosi nitakuwa naye Nduguti kwa kaka yangu, kuna shughuli."

"Jumamosi hata mimi nitakuwa Nduguti, mama!"

"Basi ukiiona pikapu yenye pua, umefika."

Walicheka wote wawili. Kwa furaha, Chediel alisahau kuuliza huyo kaka ni nani.

Jumamosi aliingia Nduguti pamoja na mshenga wake, Laurian, aliyekuwa anatokwa jasho.

"Dume yuko wapi?"

"Ametutangulia."

Na kweli alikuwa ametangulia. Mbele ya nyumba ya Mzee Mughwai ilisimama pikapu yenye pua, na nyuma yake amefungwa dume mwekundu, mnene. Chediel alifurahi kwa muda wa kupiga chafya moja, kisha akakumbuka nyumba ile ni ya nani.

"Karibuni," alisema Mzee Mughwai. "Huyu ni dada yangu Anastazia, shangazi wa Jenipher. Mambo ya mahari, neno lake ndilo la mwisho."

"Tunafahamiana," alisema shangazi. "Ni fundi wa pumzi."

"Shikamoo shangazi," alisema Chediel, na yeye mwenyewe hewa ikimpungukia.

"Marahaba. Juzi nilifungua boneti nimwonyeshe jirani pua yangu. Juu ya betri nikakuta hiki." Akatoa kitambaa cheusi kwa mafuta, pembeni kimedariziwa kwa uzi mwekundu: *Jenipher*. "Kudarizi nilimfundisha mimi. Nikakisokomeza bombani, gari likakohoa. Nikakitoa, likapona. Nikang'oa pua yako, halikujali hata kidogo. Leo nimeirudisha, bila chujio, ili usipotee njia."

Jenipher aliingia na chai. Aliimimina kikombe kimoja kimoja, akiichuja kwa chujio ambalo Chediel alilijua vizuri.

"Nilikidarizi wiki mbili," alisema, bila kucheka. Hapo Chediel aliumia kuliko pote.

"Nilikosa tambara," alijibu, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli mwezi ule.

Laurian akakohoa. "Sasa, kuhusu dume..."

"Dume huyu nimempa Jenipher," alisema shangazi. "Wa mahari ataleta mwenyewe. Wawili."

"Wawili, shangazi?"

"Hewa ikiingia mara mbili, nguvu si inatoka mara mbili? Na wawe na kwato na pembe. Madume hewa hatupokei. Hewa tunayo ya kutosha hapa."

Mzee Mughwai alicheka mpaka chai ikamwagika. Jenipher akamtupia Chediel kitambaa.

"Kifue kwanza. Madume baadaye."

Chediel akachuchumaa bombani uani, akafikicha. Mafuta ya injini hayatoki kirahisi. Aliomba sabuni mara tatu, na mara ya tatu aliyeileta ni Jenipher.