Ufunguo wa Stoo Ninao Mimi

Jumatatu, 4 Julai 1994

Leo nimeshinda, na Likoni nzima yajua. Kikao cha wazazi shuleni, jambo moja tu: muuguzi wa zahanati ameleta katoni sita za vile vitu vya wasichana, bure, wasikose masomo wakiwa mwezini. (Jina sitaliandika. Mimi mtu wa haya.) Akatakiwa mtunzaji. Justus, karani wa maghala ya bandari kule Kipevu, mwenye kalamu tatu mfukoni, akasema apewe Mwalimu Philister, mwanamke mwenzao. Nikasimama. Nikaeleza nilivyolinda ghala mwaka wa sabini na tisa: wezi saba, nikawatimua kwa kukohoa tu. Wazee wakapiga makofi. Ufunguo wa stoo ninao mimi, shingoni.

Nyumbani dada yangu Mwanarehema hakunipongeza. Akanikumbusha kwamba binti yake Kafedha alikosa siku kumi na mbili muhula uliopita kwa sababu hiyo hiyo, na akikosa mtihani wa majaribio wiki ijayo atarudishwa darasa la saba. Nikamwambia atulie. Mjombake mtoto yuko madarakani.

Jumatano, 6 Julai

Nimeweka utaratibu. Kiti changu mlangoni pa stoo, mkabala na uwanja wa mpira. Msichana mwenye haja aje, anisalimu, ataje jina, darasa na shida yake. Kwa sauti, maana sikio langu la kushoto lina kasoro (baruti; kisa kirefu). Nimengoja tangu asubuhi. Hakuja mtu. Nidhamu hiyo!

Ijumaa, 8 Julai

Kaja mmoja, wa darasa la sita. Kaniamkia vizuri. Nikamuuliza wataka nini, mwanangu. Akatazama uwanjani, akaomba chaki.

Justus akapita kuuliza zimebaki katoni ngapi. Sita, nikamjibu, haijaguswa hata moja. Ghala gani huko Kipevu laweza kujisifu hivyo? Akatikisa kichwa. Wivu.

Jumatatu, 11 Julai

Mtihani kesho. Kafedha hakwenda shule. Kalala, kanga mpaka usoni. Dada akaniuliza kwa upole, upole wake ule wa kuogofya, mbona mtoto anararua shuka kuukuu ilhali mjombake ana katoni sita. Nikasema afuate utaratibu kama wenziwe.

Kafedha akafunua uso. "Mjomba, nikutajie wewe? Mbele ya wavulana wa mpira? Afadhali nirudie la saba mpaka nizeeke."

Wallahi, haya anaambiwa nani? Mimi! Nikatoka kwenda kunywa kahawa.

Jumanne, 12 Julai

Nimeamka shingo nyepesi. Ufunguo hakuna! Nikakimbia shuleni na ndara moja. Stoo wazi. Dada na Mwalimu Philister wamekwisha kuzihamishia katoni kwenye kichumba kilicho nyuma ya vyoo vya wasichana. Hakuna kiti, hakuna swali, kila mmoja anajichukulia. Nikalalama kwamba nimeibiwa.

"Kohoa basi, kaka," akasema dada, "tukimbie."

Nikachungulia dirisha la darasa la nane. Kafedha alikuwemo, safu ya pili, anaandika. Nilimtazama mpaka msimamizi akanifukuza.

Ijumaa, 22 Julai

Matokeo. Kafedha wa nne! Harudishwi popote. Na katoni zimebaki mbili. Barazani nimewafahamisha wazee kwamba hayo ndiyo matunda ya ulinzi: ningelegea zile siku za mwanzo, wasichana wangekuta nini? Wakaafiki, au walikuwa wakimeza kahawa.

Nasikia muuguzi atapeleka mzigo mwingine shule moja ya Kisauni. Nimemwandikia barua ya kujitolea. Kosa langu moja nalikiri: kile kiti kilinifanya nionekane mkali. Safari hii nitakwenda na mkeka. Na wazee wenzangu wawili, wanisaidie kusikiliza, wasichana wasione upweke.