Kadi Tatu za Bata Mzinga

Jumatatu, 8 Novemba 1971

Miaka sita sasa naandika kadi za Wendell Crake hapa Burbank. Kipindi chake cha vichekesho na mahojiano hurushwa kila usiku, nchi nzima inatazama. Vichekesho wanatunga wengine. Mimi naviandika kwa kalamu nene kwenye kadi kubwa, kisha nasimama kando ya kamera nimezishika azisome. Mwandiko wangu? Hauna mfano California yote! Ila majina yanapopita mwishoni mwa kipindi, langu halimo. Na Mama, huko Toledo, nilishamwambia kwamba mimi ni mtunzi. Kila usiku anakodoa macho, haoni kitu. Jana kwenye simu aliniuliza, Lyle mwanangu, au umebadili jina? Iliniuma sana.

Jumanne

Nimempelekea Irv Tuchman, mkuu wa watunzi, kichekesho changu mwenyewe. Bata mzinga anaenda kwa daktari wa meno. Daktari anamwambia, wewe mbona huna meno. Bata anajibu, ndiyo maana nimekuja. Kipaji hicho! Irv alisoma huku anatafuna sandwichi. Akasema we Lyle, hebu rudi kwenye kalamu zako kabla hazijakauka. Watunzi wenzake wakaangua kicheko. Kumbe kucheka wanajua! Wivu tu. Sishangai.

Jumatano

Mpango umekamilika. Crake hakariri kitu. Anasoma chochote kilichoandikwa kwenye kadi. Kesho nampenyeza bata wangu katikati ya vichekesho vya Irv. Kadi tatu nzima, maana nimeongeza maelezo ya suti aliyovaa bata. Nimempigia Mama: kesho usilale mapema, waite na majirani.

Alhamisi

Tulirekodi saa kumi na moja na nusu jioni, kama kawaida. Crake akasoma kadi ya kwanza. Kimya. Ya pili. Mtu akakohoa. Ya tatu. Nikaiinua juu zaidi, labda hakuisoma vizuri. Crake akaja hadi niliposimama. Akaninyang'anya kadi, akaigeuza kutazama kama kichekesho kimebaki upande wa pili. Akailaza sakafuni taratibu. Akaomba bendi ipige wimbo wa maziko, akapiga magoti.

Ukumbi ukalipuka! Dakika mbili nzima watu wanacheka, bibi mmoja nusura aanguke kitini. Irv hajapata hata nusu ya kicheko hicho mwaka huu. Kichekesho changu! Na mkono wangu ulionekana kwenye kamera. Wa kulia.

Ijumaa, 12 Novemba

Mama kapiga simu asubuhi. Aliuona mkono, akautambua kwa lile kovu la pasi. Majirani wakapiga makofi. Alilia. Nami nikalia kidogo.

Saa nne akaniita Dolores Finch, mtayarishaji wetu. Nilijua nafukuzwa, kalamu zangu nilishazitia mfukoni. Akasema kweli nilistahili kufukuzwa. Lakini mzee Crake anataka kila wiki aletewe kichekesho kimoja kibovu kabisa, akizike mwenyewe mbele ya watu. Vya Irv ni vibovu nusunusu, havifi vizuri. Changu kilikufa papo hapo. Hilo neno kibovu alilirudia mara tatu. Maskini, hawezi kunisifu waziwazi, Irv angesikia.

Basi mimi ni mtunzi! Jina langu litapita mwishoni, herufi zote. Irv kanipa mkono, anacheka hadi machozi. Nimemsamehe.

Ila kukaa chumba kimoja na watunzi wa kiwango kile ni kukipoteza kipaji. Kadi ya Jumatatu iko tayari, mwandiko wangu bora kuliko wowote: SASA KITI CHANGU NAMWACHIA LYLE HABERKORN. Atasoma tu. Mama nimeshamwambia, anatafuta gauni.